Makao ya wazee Uganda: si kila aliyemo katupwa na wanawe

Ukitaja makao ya wazee, Kampala au Mbarara, wengi hujibu haraka: huko ni kwa waliotupwa na watoto wao, wanangoja kufa. Maneno hayo yana kaukweli kidogo, lakini yanapotosha.

Chukua makao ya Nalukolongo, Kampala. Yalianzishwa na Kadinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978, na yanaendeshwa na masista Wasamaria Wema. Yanapokea wazee na walemavu wasio na mtu wa kuwatunza, bila kuuliza dini. Kwa mzee ambaye wanawe walikufa kwa vita au ukimwi, nani amtupe?

Na hilo la kungoja kufa? Sikukuu moja tu yatosha kulijibu. Parokia na shule huja na sukari, sabuni na ngoma. Matoke yaliyofungwa kwenye majani ya mgomba yakifunguliwa, bibi mmoja huyabonyeza kwa kidole na kutangaza kwamba wapishi wa siku hizi hawajui kazi. (Huwa anakula yote.) Ngoma ikilia, asiyeweza kusimama hucheza kwa mabega, akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Tarehe 28 Novemba 2015 Papa Fransisko mwenyewe alifika Nalukolongo kuwasalimu.

Upweke upo, sikatai, hasa wageni wakishaondoka. Ila mzee mwenye miaka 80 anayeishi peke yake kijijini, akitegemea shilingi 25,000 za serikali kwa mwezi, huenda hapati hata wa kubishana naye.