Zamu za kujitolea katika klabu ya mashua za tanga: dhana potofu na ukweli wake

Klabu nyingi za mashua za tanga haziendeshwi na wafanyakazi wa mshahara. Anayepandisha bendera za kuanzisha mashindano, anayeendesha boti ya uokoaji, anayeandika namba za matanga mashua zinapovuka mstari, wote ni wanachama, na karibu kila mmoja wao angependelea kuwa majini siku hiyo. Ndiyo maana orodha ya zamu huzua manung'uniko kuliko jambo jingine lolote klabuni, ukiacha labda ada. Mengi ya manung'uniko hayo hutokana na mambo yanayoaminiwa tu bila kupimwa.

Dhana: Kazi ya kujitolea haiwezi kuwa ya lazima

Haiwezi kulazimishwa kwa kushtukiza, hilo ni kweli. Lakini inaweza kuwa sharti la uanachama kama ada ilivyo sharti. Iandikwe katika katiba au kanuni za klabu, ipitishwe na mkutano mkuu, na ionekane kwenye fomu ya kujiunga kabla mtu hajalipa chochote. Sharti hilo litaje idadi ya zamu kwa msimu, nani amesamehewa, nini hufuata mtu asipotokea, na kama uanachama wa familia unahesabiwa kuwa mtu mmoja au kila mtu mzima peke yake. Hicho cha mwisho husahaulika sana, na ndicho huleta ugomvi. Nyumba yenye watu wazima wanne na mashua tatu ikipewa zamu sawa na mwanachama mmoja mwenye kimashua chake, mwanachama huyo ataliona jambo hilo kabla kamati haijaliona.

Dhana: Haki ni kila mtu kupata idadi sawa ya zamu

Idadi sawa ni mwanzo mzuri wa hesabu, lakini haitoshi. Tuchukue klabu yenye siku 26 za mashindano kwa msimu. Kila siku inahitaji watu 6: afisa wa mashindano, wasaidizi wake wawili, dereva wa boti ya uokoaji, msaidizi wa dereva, na mmoja wa kubaki nchi kavu. Hizo ni nafasi 156. Ongeza siku 4 za ukarabati zenye watu 12 kila moja, yaani nafasi 48. Jumla ni 204. Klabu ikiwa na wanachama 80 wasiosamehewa, kila mmoja anadaiwa zamu 2.55. Weka 3, upate nafasi 240, na zile 36 za ziada zisitupwe: 26 ziwe za mtu wa akiba kila siku ya mashindano, 10 zibaki kwa dharura za msimu.

Mpaka hapo karatasi inapendeza. Tatizo huonekana ukiuliza kati ya hao 80 ni wangapi wanaoruhusiwa kuendesha boti ya uokoaji. Wakiwa 5, zamu 26 za udereva zinawaangukia hao hao, zaidi ya 5 kwa kila mmoja, na klabu ikitumia boti mbili zinapita 10. Watu hao huchoka, hukaa kimya, kisha msimu unaofuata hawalipi ada. Kwa hiyo jedwali halianzwi kwa kujaza majina kuanzia juu. Anza na ujuzi ulio adimu: madereva kwanza, maafisa wa mashindano pili, wengine mwisho. Nafasi ikizidi watu, dawa ni kufundisha wapya kabla ya msimu. Katika mfano huu, kuongeza madereva 4 kunashusha mzigo hadi chini ya zamu 3 kwa mtu. Na dereva akishapangiwa udereva, asipangiwe tena kufagia ghala la matanga.

Dhana: Ukitangaza kwenye kundi la WhatsApp, watu watajitokeza

Hujitokeza wale wale wanne. Mwaka 1968 wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané walichapisha jaribio ambamo mtu alisikia kupitia kipaza sauti mwenzake akipatwa na kifafa. Walioamini kuwa ndio peke yao wanaosikia, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla kelele hazijakoma. Walioamini kuwa wapo wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu. Ikiwa hali ni hiyo kwa mtu anayeonekana kuwa hatarini, tangazo la "tunahitaji wawili Jumapili" kwa kundi la watu 80 lina nafasi ndogo sana.

Kinachofanya kazi ni kumwomba mtu kwa jina, kwa kazi inayotajwa, kwa tarehe na saa. Jedwali la msimu mzima litoke wiki 6 hadi 8 kabla ya siku ya kwanza, baada ya kuwauliza wanachama tarehe ambazo hawapo. Kumbusho la kwanza liende siku 14 kabla, la pili siku 3 kabla. Kumbusho la usiku wa kuamkia zamu husaidia kumweleza mtu aje wapi na saa ngapi, lakini halimpi mratibu muda wa kutafuta mbadala.

Kubadilishana zamu kuruhusiwe, tena kwa wepesi, kwa kanuni moja isiyopindishwa: jina lililo kwenye jedwali ndilo lenye zamu mpaka mwingine athibitishe kwa maandishi kuwa ameichukua. Kauli ya "nilishaongea na fulani" ndiyo huiacha boti ya uokoaji ufukoni bila dereva. Mbadala awe na ujuzi uleule; zamu ya udereva haihami kwa mtu asiyeruhusiwa kuendesha.

Dhana: Faini itawanyoosha watoro

Huenda ikawaongeza. Wanauchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini waliwahi kufuatilia vituo 10 vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli, ambako wazazi walikuwa wakichelewa kuwachukua watoto. Baadhi ya vituo viliweka faini ndogo. Uchelewaji ukapanda, na faini ilipoondolewa haukushuka. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2000, na maelezo yake ni rahisi kuyaona klabuni: jambo lililokuwa deni kwa wenzako limekuwa huduma yenye bei, na mwenye pesa anainunua bila haya.

Bora kumpigia simu aliyekosa ndani ya wiki hiyo, kumuuliza kilichotokea, na kumpangia zamu nyingine papo hapo. Anayekosa mara ya pili bila taarifa apelekwe kwenye kamati kwa mujibu wa kanuni zilizoandikwa, na uanachama wa msimu ujao ufikiriwe upya. Klabu inayosisitiza kulipisha ilipishe kiasi kinachotosha kumlipa mtu wa kuifanya kazi hiyo kweli, la sivyo inakusanya fedha na nafasi inabaki tupu.

Dhana: Aliye zamu amepoteza pointi za siku hiyo

Amepoteza ikiwa klabu haijaandika lolote. Katika mfululizo wa mashindano, ambamo mwenye pointi chache ndiye mshindi, mashua isiyofika hupewa pointi za idadi ya mashua zilizojiandikisha kuongeza moja. Kwa mfululizo wenye mashua 20 hizo ni pointi 21, adhabu nzito kwa mtu aliyekuwa akiwahudumia wenzake. Basi klabu nyingi humpa aliye zamu wastani wa pointi zake, kwa njia ile ile inayotumika kumfidia mshindani aliyeathiriwa na kosa lisilo lake: wastani wa mashindano yake mengine ya mfululizo huo, hadi sehemu ya kumi ya pointi. Aliyepata 2, 3, 4 na 3 atapewa 3.0.

Fidia hii haiji yenyewe. Lazima iwemo kwenye maelekezo ya mashindano. Humo iandikwe pia ni mara ngapi inaruhusiwa kwa mfululizo mmoja (mara 1 au 2 zinatosha), na kama siku ambazo mtu hakufika kabisa zinaingia kwenye wastani. Zisipoingia, mtu anaweza kushiriki mara moja, akashinda, kisha akajipangia zamu tatu na kutwaa kikombe.

Dhana: Anayejua kuendesha mashua ya tanga anaweza kuendesha boti ya uokoaji

Hii ndiyo inayoweza kuua. Kusoma upepo ni ujuzi mmoja. Kuendesha injini karibu na watu walio majini ni mwingine. Soma kwanza bima ya klabu: ikidai dereva awe na cheti, kumweka asiye nacho ni kuiweka klabu nzima pabaya.

Kamba ya kuzima injini hufungwa pajani mwa dereva, juu kidogo ya goti, au kwenye jaketi lake la kuokolea maisha. Kuitundika kwenye usukani ni sawa na kutokuwa nayo. Dereva akianguka kamba inachomoka na injini inazimika. Bila hiyo boti huendelea kwenda, na mara nyingi huzunguka na kumrudia mtu aliye majini, propela ikiendelea kuzunguka. Ijaribiwe kila siku kabla ya kutoka: washa injini, chomoa kamba, injini lazima izimike palepale. Jambo linalopuuzwa mno ni kamba ya akiba. Dereva akiingia majini na kamba yake, msaidizi aliyebaki hawezi kuiwasha injini amfuate asipokuwa na ya pili. Kwa sababu hiyo pia boti haipangiwi mtu mmoja.

Mashua ikipinduka, kitu cha kwanza ni kuhesabu vichwa. Mashua ya watu wawili yenye kichwa kimoja kinachoonekana huenda ina mtu aliyenaswa chini ya tanga au kwenye kamba, na hapo hakuna kusubiri. Vichwa vikitimia na hakuna aliyeumia, boti isimame pembeni na kuwaacha wainue chombo chao wenyewe; wengi huweza. Wakihitaji msaada, watu kwanza, chombo baadaye. Sogea polepole, kaa mbali na kamba na matanga yanayoelea kwa kuwa propela huyanasa, na zima injini mtu anapofika ubavuni. Kuinua mashua, msaidizi hushika omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, au waya inayoshikilia mlingoti kwa mbele, ili chombo kielekee upepo. Tanga likijaa upepo kabla chombo hakijatulia, kitalalia upande wa pili.

Mafuta yahesabiwe kwa theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja ya akiba. Ndani ya boti kuwe na kisu, makasia, nanga na kamba yake, kamba ya kuvutia, sanduku la huduma ya kwanza na redio iliyochajiwa. Kuhusu idadi ya boti kwa mashua ngapi, hakuna namba moja ya kufaa kila mahali. Upepo, ubaridi wa maji, ukubwa wa eneo na uzoefu wa washiriki ndivyo huamua. Madereva wakipungua kuliko afisa anavyohitaji kwa hali ya siku hiyo, mashindano yaahirishwe.

Dhana: Kuanzisha mashindano ni kupiga honi tu

Kwa kanuni za mashindano za World Sailing, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, zinazotolewa upya kila miaka 4 (toleo la sasa ni la 2025–2028), muda huhesabiwa kwa bendera, na honi isipolia haidhuru kitu. Dakika 5 kabla, bendera ya daraja, yaani ya kundi la mashua zinazoanza pamoja, hupanda kwa mlio mmoja. Dakika 4 kabla, bendera ya maandalizi hupanda, mara nyingi ile ya P. Dakika 1 kabla, hiyo ya maandalizi hushuka kwa mlio mrefu. Sifuri, bendera ya daraja hushuka na mashua zinaanza. Mmoja ashike saa na kuhesabu kwa sauti, mwingine bendera, na afisa autazame mstari. Amri itoke kwa afisa peke yake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Bendera ikikosewa kabla ya kuanza, pandisha ya AP, ambayo ni bendera ya kuahirisha, kwa milio miwili, tulizeni mambo, ishusheni kwa mlio mmoja, na dakika 1 baadaye hesabu inaanza upya. Kuahirisha hakumgharimu mtu, lakini kuendelea na mwanzo mbovu huishia kwenye malalamiko ya jioni nzima.

Mashua zikimaliza kwa pamoja, mwandishi asihangaike na kalamu: azitaje namba kwa mpangilio kwenye kinasa sauti cha simu, aandike baadaye. Kazi hii, kama ile ya saa, haihitaji mtu aliyewahi kushika usukani. Wapya waanzie hapo, wakiwa na mzoefu kando yao.

Dhana: Zamu huisha mashua ya mwisho inapovuka mstari

Huanza kiasi cha dakika 90 kabla ya mwanzo na huisha ubao wa kuhesabia walio majini ukiwa mtupu. Kila anayeingia majini hutundika kibao chenye namba yake, na hukiondoa akirudi. Kibao kikibaki, boti ya uokoaji haipandishwi nchi kavu mpaka mwenyewe apatikane, hata kama wote wanaamini kashaondoka kwa gari. Kisha injini isafishwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, tangi lijazwe, na kilichoharibika kiandikwe kwenye daftari, kwa sababu dereva wa wiki ijayo ni mtu mwingine na hana njia nyingine ya kujua.

Dhana: Mratibu mmoja mwenye bidii anatosha

Anatosha mpaka augue au ahame. Jedwali likiwa kwenye simu yake pekee, klabu inabaki bila orodha. Faili liwe kwenye akaunti ya klabu, watu wawili wawe na nywila, na mmoja ashughulikie madereva na maafisa huku mwingine akipanga kazi za nchi kavu. Nakala inayobandikwa ukutani iwe na majina na tarehe tu; namba za simu zibaki kwa waratibu.