Kinyozi wangu na kura ya sita

Kinyozi wangu wa Umoja, Nairobi, ana hesabu ambayo mimi, mwalimu wa takwimu, siwezi kuiangusha kirahisi. "Mwalimu," aliniambia mashine ikinguruma sikioni, "mwaka 2022 walipiga kura ya rais watu milioni kumi na nne. Yangu ingeongeza nini? Mimi siku hiyo nilinyoa vichwa kumi na vinane."

Hajakosea. Uwezekano wa kura moja kuamua nani awe rais ni mdogo kiasi kwamba, ukiupima kwa shilingi, haufikii hata nauli ya kwenda kituoni. Kwa hiyo sikumwambia ule wimbo wa kila kura ni muhimu. Mtu aliyekaa foleni kwa saa nne na akarudi kwenye bei ile ile ya unga hahitaji kuimbiwa.

Nilichomwomba ni tugawanye vingine. Mwaka 2022 William Ruto alipata kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ni 233,211. Kulikuwa na vituo zaidi ya 46,000, kwa hiyo ni kura tano hivi kwa kila kituo. Na Katiba haitaki ushindi tu, inataka zaidi ya nusu ya kura. Kilichomvusha mshindi juu ya nusu kilikuwa kama kura 70,000, yaani moja na nusu kwa kituo. Watu wa ploti moja wakiamua kulala siku hiyo, kura wanazoacha zimeshaupita wastani huo. Akazima mashine kidogo. "Moja na nusu?"

Hata hivyo, hapo sipo penye uzito wenyewe. Siku ya uchaguzi Mkenya hupewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na MCA, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti. Tunabishana mwaka mzima juu ya ile ya kwanza, kisha ya sita tunaitumbukiza debeni kwa kukisia jina. Nairobi ina wadi 85 na wapiga kura waliosajiliwa milioni 2.4 na kitu, kwa hiyo wadi moja ina wastani wa watu 28,000. Toa wasiojitokeza, gawanya waliobaki kwa wagombea waliojaza kila nguzo ya stima kwa mabango, na kumbuka kwamba MCA hahitaji nusu, anahitaji kumpita wa pili tu. Hapo kura yako si tone baharini tena. Ni kikombe kwenye ndoo. Na huyo MCA ndiye anayepitisha bajeti ya kaunti na sheria ya ada, ile inayoamua kinyozi alipie leseni shilingi ngapi.

Kuna wanaoniambia kukaa nyumbani ni ujumbe. Sawa, ila nani anausoma? Marudio ya Oktoba 2017, baada ya Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi wa Agosti, yalivuta chini ya asilimia 40 ya waliosajiliwa. Kususia kule kulipangwa na kulikuwa na madai yake. Lakini Katiba haiweki kiwango cha chini cha wanaojitokeza, na rais aliapishwa akiwa na mamlaka yale yale. Sasa fikiria mmoja aliyekaa nyumbani kwa kukata tamaa tu, bila kumwambia mtu. Kwenye fomu ya kituo hana tofauti na aliyelala.

Nakiri jambo moja. Kwenye ngome, ambako mwenye tikiti ya chama ameshashinda kabla ya Agosti, kura ya siku kuu ni kama kutia sahihi barua iliyokwisha kuandikwa. Huko uchaguzi ni mchujo, ule wa kumpata mgombea wa chama, na mchujo wa vyama vyetu, jamani, tuuache kwa siku nyingine.

Nilipomuuliza kinyozi MCA wa wadi yake hapo Umoja ni nani, akacheka. Hakujua. Kisha likatoka lililonishangaza: yeye amesajiliwa kijijini, Kakamega. Hata angepanga foleni, angewachagulia shangazi zake MCA, huku leseni yake ikipangwa na watu ambao hakuwahi kuwapigia wala kuwanyima kura. Nikamweleza kwamba usajili huhamishwa, aende ofisi ya IEBC, tume ya uchaguzi, ya eneobunge lake, Embakasi Magharibi, na kitambulisho.

"Jumatatu," akasema, akinipangusa shingo. "Jumatatu huwa hakuna vichwa."