Chuma Huvutika, Tena Sana Kuliko Udhanivyo

Ukipita kwenye vibanda vya kuchomelea kule Changamwe, Mombasa, utaambiwa chuma ni chuma, hakivutiki. Si kweli. Chukua nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12, uitundike wima, kisha uning'inize tani 2 chini yake. Itarefuka kama milimita 10. Ukiondoa mzigo, inarudi urefu wake wa awali. Huko kurudi ndiko unyumbufu, na Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni yake mwaka 1678: mvuto ukiongezeka maradufu, na urefu unaozidi huongezeka maradufu. Ila kanuni hiyo ina kikomo.

Utasikia pia: "Nondo ya mistari haivutiki kama ile laini." Hapa ndipo pesa za watu hupotea. Kwa tani 2 zilezile na unene uleule, zote mbili zitarefuka milimita 10, kwa sababu moduli ya Young (kipimo cha jinsi kitu kinavyokataa kuvutika) ya chuma cha ujenzi ni takriban gigapaskali 200, yaani megapaskali 200,000, kiwe cha bei rahisi au cha daraja la juu. Kinachotofautiana ni kikomo: laini hulegea, yaani huanza kurefuka bila kurudi yote, mkazo (mvuto ukigawanywa kwa eneo la mkato wa nondo) ukikaribia megapaskali 250, ya mistari huvumilia hadi kama 500. Kwa hiyo fundi wa Kisauni akikuambia boriti yako inabonyea kwa kuwa chuma chake ni dhaifu, na ununue cha daraja la juu cha ukubwa uleule, weka pesa mfukoni. Itabonyea vilevile. Dawa ni boriti yenye kimo kikubwa zaidi.

Alumini ya madirisha, kwa mkazo uleule, hurefuka karibu mara tatu ya chuma. Hilo nalo si ubovu.

Na msemo wa mwisho: "Haijakatika, basi ni nzima." Hatari iko hapa. Ikishapita kikomo, nondo hairudi yote. Hubaki na urefu wa kudumu hata mzigo ukishuka. Tazama vijana wa mjengo wanaponyoosha nondo iliyopindwa kimakosa: lile gamba la kijivu limeshapukutika kwenye kona, dalili kwamba chuma cha ndani kimelegea na kujipanga upya. Baada ya kunyooshwa huonekana safi, lakini pale kwenye kona kimekuwa kigumu zaidi, na akiba yake ya kurefuka kabla ya kukatika imepungua. Nondo nene, ikikunjwa na kunyooshwa, huweza kupata nyufa kwenye mizizi ya mistari yake, nyembamba kiasi kwamba zege humwagwa juu yake bila mtu kuziona.