Acheni Kuniuliza Mnakata Asilimia Ngapi

Wiki hii nimeletewa tena ujumbe ule ule: "Eti Morocco ukitajiwa bei unakata theluthi mbili, unalipa iliyobaki?" Aliyeuliza ni mfanyabiashara wa Dar es Salaam, ananunua vitenge kwa belo Kariakoo, na sidhani kama amewahi kulipa bei ya kwanza tangu apate akili. Mtu wa namna hiyo anataka nimpe fomula! Kazi yangu ni kuwapeleka watu Fes na Marrakech, na mwenyewe nanunua ngozi na mazulia huko kwa ajili ya duka. Swali hili nimelijibu kwa simu, kwa sauti za WhatsApp na kwenye foleni ya pasipoti. Leo naliandika, atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Kwanza, kanuni ya theluthi imeandikwa kwenye kila kitabu cha watalii, na muuzaji anaijua kabla yako. Akishakuona una sura ya kukata theluthi mbili, anapandisha mara sita, unakata kwa fahari, unalipa mara mbili, unatoka unajipongeza. Upande wa pili yuko mzee wa mtaa wa ndani aliyekutajia bei yake ya kila siku, nawe unamrushia theluthi yake. Huyo hatabishana nawe. Atarudi kwenye redio yake, na atakuwa na haki.

Pili, vitu vingi havipatanwi kabisa. Mkate haupatanwi, ule wa mviringo wa kawaida ulikaa kwenye dirham 1.20 kwa miaka mingi. Dawa, tiketi ya treni, hammam (bafu la umma) ya mtaani, chai ya mgahawani: unalipa unaondoka. Teksi ndogo, zile nyekundu za Fes, za rangi ya mchanga za Marrakech na za bluu za Rabat, zina mita. Mwambie dereva awashe mita. Akikataa, shuka, nyuma yake kuna nyingine. Hazibebi zaidi ya abiria 3, na kuanzia saa mbili usiku nauli inapanda kwa nusu kihalali, kwa hiyo usigombane na mtu wa watu.

Sasa hesabu ya pesa, maana hapa ndipo fomula yenu inapowatia aibu. Dirham 1 ina santimu 100, na noti zote zimeandikwa kwa dirham. Lakini sokoni watu wazima, hasa wauza mboga na zeituni, bado wanahesabu kwa riyal, ambayo haina noti wala sarafu siku hizi. Riyal 20 ni dirham 1. Riyal 100 ni dirham 5. Elfu moja ni dirham 50. Wengine wanahesabu kwa faranga, wakimaanisha santimu, kwa hiyo faranga 1,000 ni dirham 10. Mtu mmoja wa kundi langu, mzaliwa wa Lamu, alisimama mbele ya mama anayeuza zeituni akauliza bei. Mama akasema "mitayn", na sikio la Lamu likaelewa mia mbili papo hapo, bila mkalimani. Akakumbuka kanuni: theluthi ya mia mbili ni kama 67. Akatoa noti ya dirham 100 kwa uso wa mtu asiyechezewa. Yule mama alikuwa anataka riyal 200, yaani dirham 10! Aliitazama noti, akamtazama mteja, akaita jirani aje kuona, kisha akarudisha chenji yote mpaka sarafu ya mwisho. Ukiwa na shaka, uliza kama ni dirham au riyal, au nyosha kiganja chenye sarafu mwenzako achague. Wanaokwenda Algeria nao wazidishe umakini: huko watu wanaendelea kuhesabu kwa santimu za zamani, kwa hiyo ukisikia milioni, ni dinari 10,000.

(Dirham hutazipata kwa mbadilisha fedha wa Dar wala Mombasa. Beba euro au dola, badilisha ukifika, tunza risiti. Tuendelee.)

Bei inatoka wapi basi? Nenda Fes el-Bali, mji mkongwe wa Fes, alasiri, mitaa ya viatu na ngozi, umtafute dalali. Ni dalali hasa, mwenye kazi ile ile mnayoijua. Fundi amemkabidhi rundo la makubazi ya ngozi, naye anapita duka kwa duka ameyapakata, anataja bei ya mwisho aliyopewa. Mwenye duka anaongeza dirham chache bila kuinua kichwa, au anapunga mkono apite. Duka la tano anarudi la kwanza. Hapo ndipo bei ya jumla inapozaliwa, na watu hawa wanagombania sarafu. Yote yanayoongezeka baada ya hapo ni kodi ya duka, mtaji, ujanja, na yule aliyekuleta.

Aliyekuleta ndiye ghali kuliko vyote. Kiongozi wa njia, mwenye kitambulisho au asiye nacho, akikuingiza dukani ana chake kwenye bei, tena kinono. Duka lile lile ukilirudia peke yako kesho yake, mazungumzo yanaanzia pengine. Ndiyo maana sitaki kusikia asilimia: zulia moja, muuzaji mmoja, bei mbili, kwa sababu tu ya mtu aliyesimama mlangoni akijifanya anaongea na simu. Na sisemi msichukue kiongozi. Mchukueni wa kuwaonyesha mji, mlipeni vizuri, mwambieni mapema kwamba siku hiyo hamnunui kitu. Vijana wanaokwambia njia imefungwa, pita huku, waambie asante na uendelee. Mara nyingi njia iko wazi.

Mabwawa ya kutengenezea ngozi ya Chouara, hapo hapo Fes, ni hivyo hivyo. Unapewa kijiti cha mnanaa cha kuziba pua, unapandishwa roshani, unaona mabwawa meupe ya chokaa na kinyesi cha njiwa kinacholainisha ngozi, halafu ya rangi. Hakuna kiingilio. Kiingilio ni duka unalopita ukishuka. Ukiambiwa rangi ya njano ni zafarani tupu, piga hesabu ya bei ya zafarani kisha tabasamu. Ukiambiwa ni ngozi ya ngamia, mara nyingi ni ng'ombe au mbuzi, na mbuzi wa Fes ni ngozi nzuri mno, sijui wanamwonea haya ya nini.

Lakini kinachonipandisha presha hasa ni "hariri ya mkaktasi". Sabra. Mito, mashuka, mazulia yanayong'aa, na hadithi ya nyuzi zinazotolewa kwenye mmea wa jangwani. Sehemu kubwa ya inayouzwa kwa jina hilo ni reyoni ya kiwandani, inakuja imeviringishwa kwenye vibiringo. Si kitu kibaya, inashika rangi vizuri, nimenunua na nitanunua tena. Ila usiilipie bei ya hariri. Omba uzi mmoja kutoka kwenye tamvua, toka nao nje, uwashe. Reyoni inashika moto haraka, inanuka karatasi iliyoungua, inaacha majivu laini ya kijivu. Sufu inajikunja ikikimbia moto, inanuka nywele, na ukiondoa kiberiti inazima yenyewe. Poliesta inayeyuka, inaacha kishanga kigumu cheusi. Muuzaji naye anajua mchezo huu: atapitisha kiberiti juu ya zulia la sufu kwa mbwembwe, haliungui, mnapiga makofi. Amethibitisha sufu. Umri wa zulia na rangi zake hajagusa, na bei anayotaja imesimama juu ya hayo mawili.

Kwenye umri hata mimi nakuwa mnyonge. Mazulia mapya yanaanikwa juu ya mapaa au yanafuliwa kwa dawa yapauke. Unafunua nyuzi kwa vidole: juu kumepauka, chini kwenye fundo rangi bado kali, unasema hili limeanikwa. Lakini zulia lililokaa miaka mingi dirishani nalo linakuwa hivyo hivyo. Nimeshika mazulia ambayo ningeapa ni ya zamani na mengine ambayo ningeapa si ya zamani, na leo nisingeapia hata moja. Siku hizi nanunua kwa uzito wa sufu na ufundi wa mafundo. Umri silipii.

Jambo moja vitabu vya watalii haviwaambii, kwa kuwa havikuandikwa kwa ajili yetu. Mweusi sokoni huitwa "Senegal", na wauzaji wengi hawamkimbizi kwa kudhani hana kitu. Kuna siku inaniuma, kuna siku inanipa utulivu wa kuchambua bidhaa Mzungu akiwa amezingirwa pale kando. Na ukiwa Mwislamu unaingia kuswali Qarawiyyin, msikiti unaosemwa ulianzishwa na Fatima al-Fihri mwaka 859, ambako mtalii asiye Mwislamu anaishia mlangoni. Usishangae kuona mikono imeachwa chini kwenye swala, ni watu wa madhehebu ya Maliki. Ijumaa mchana maduka mengi ya Fes yamefungwa, kwa hiyo usipange manunuzi siku hiyo. Ukipotea, teremka: mteremko unakupeleka upande wa Qarawiyyin na mto, mlima unakurudisha lango la Bab Bou Jeloud.

Siku ya kwanza usinunue. Pita Ensemble Artisanal, kituo cha serikali cha mafundi, ipo Marrakech na Fes, bei zimebandikwa. Si za chini kabisa, lakini zinakupa kipimo. Andika. Kisha ingia sokoni ukiwa na namba yako kichwani, na namba ya muuzaji iwe shauri lake. Akifika kwenye yako na umeshamwambia ndiyo, lipa. Kurudi nyuma baada ya kukubali ni utovu wa adabu huko kama ilivyo kwetu. Na makubazi mapya ya ngozi yafunge mifuko miwili ya nailoni kabla ya kuyatia kwenye begi, yanuke peke yao, kanzu za Idi ziwe begi jingine.