Meza haitaungua, mzee wangu

Jumamosi iliyopita mzee mmoja aliingia karakana kwangu Keko, hapa Dar, kuikagua meza ya mwanawe, ambayo ndani yake nimejenga kompyuta. Baada ya shikamoo na marahaba akaizunguka mara mbili, akachungulia mazabodi, bodi kuu ya kompyuta, ilivyolala chini ya kioo, kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu anayetoa pole: "Sasa fundi, hili si jiko umemjengea kijana? Mbao na umeme?"

Wa ngapi huyu? Nimeacha kuhesabu. Wazee nawasamehe. Wanaonichosha ni mafundi kompyuta wanaosema hivyohivyo huku wameshika bisibisi.

Habari ya moto tuimalize upesi. Mbao hushika moto uso wake ukifika nyuzijoto 250 hadi 300 hivi, tena kuwe na mwali karibu. Prosesa nyingi za Intel, yaani chipu kuu ya kompyuta, zikigonga 100 hujipunguzia kasi zenyewe, na joto likizidi kupanda kompyuta inajizima. Hewa inayotoka nyuma ya meza zangu naipima 40 na kitu, 50 ikiwa mbaya sana. Chai unayoiweka juu ya meza hiyohiyo ni ya moto zaidi, na hujawahi kuita zimamoto. Mwaka 1976 Apple I iliuzwa bodi tupu bila kasha, na wapo wanunuzi walioichongea masanduku ya mbao. Moja liko makumbusho ya Smithsonian kule Marekani, na halijaungua.

Kuna wataalamu wanaobishana kama mbao inayopashwa miaka mingi kwa joto la chini zaidi inaweza kugeuka taratibu kama mkaa na kuwaka mapema. Ubishi huo mimi siwezi kuumaliza, kwa hiyo pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, naikalisha kwenye bati, haigusi mbao tupu. Kinachounguza nyumba ni waya uliolegea kwenye tundu lake, na huo hauchagui keisi, yaani kasha la kompyuta, liwe la mbao au la bati.

Sasa nije kwenye kinachonikera hasa, yaani ule msemo wa pili: "Bati linapooza, mbao inafunika joto." Ni kweli chuma hupitisha joto mara mamia kuliko mbao. Lakini nenda kaguse ubavu wa keisi yako ya bati kompyuta ikiwa kazini. Vuguvugu, basi. Joto halitokei hapo, linabebwa na hewa. Kompyuta inayokula wati 400 inatoa wati 400 za joto, uifungie kwenye bati, kwenye mninga au kwenye boksi la biskuti. Ukitaka hewa ipande nyuzi 10 tu ikipita humo, unahitaji kama mita 2 za ujazo kila dakika. Chumba cha Dar kikiwa 32, itatoka 42, sawa kabisa. Feni moja ya milimita 120 imeandikwa kwenye boksi lake kwamba inakaribia hapo, ila hiyo ni feni iliyopimwa bila chujio wala kona mbele yake. Mimi nahesabu nusu. Ndiyo maana naweka tatu za kuingiza na tatu za kutoa, zizunguke polepole.

Na hata hizo sita hazina maana hewa ikirudi ilikotoka. Meza yangu ya kwanza nilitoboa matundu yote upande mmoja, ya kuingiza na ya kutoa, nikaisukuma hadi ukutani ipendeze. Wiki ya pili mteja ananipigia, inavuma kama trekta. Nikaongeza feni. Bado. Nikaongeza tena. Nilikuwa nazungusha moto uleule ndani ya sanduku, kwa gharama yangu. Dawa ilikuwa kipande cha plaiwudi cha kutenganisha njia mbili, na kuivuta meza shibiri moja kutoka ukutani. Saa mbili za kazi. Hapo kosa lilikuwa la mbao au la kichwa changu?

Mbao ina tabia yake moja ya kuogopwa, nayo ni kucheza. Inapanuka kwa upana, kwa urefu karibu hamna kitu. Uso wa sentimita 60 unaweza kutofautiana milimita kadhaa kati ya masika na kiangazi, kwa hiyo kioo kiachie nafasi pembeni, na mazabodi usiifunge skrubu kwenye mbao mbili zilizoungwa. Kata trei ya keisi kuukuu, lile bati la ndani linaloshika mazabodi, uitumie. Mninga hutulia. Paini ya msitu wa Sao Hill siikatai, mradi iwe imekauka kweli, maana neno "imekauka" la muuza mbao lina tafsiri nyingi.

Swali ambalo mzee alipaswa kuniuliza ni la ethi, ule waya unaopeleka umeme uliovuja ardhini. Nyumba isiyo na ethi, ukigusa keisi ya bati unahisi kutekenywa: kapasita za pawa saplai zinavujisha umeme kidogo kwenye chuma. Kwenye meza yangu huhisi kitu chochote, na wateja wananisifu kwamba mbao ni salama. Umeme upo, umejificha tu, unakusubiri kwenye tundu la yu-es-bi. Nyumba nyingi nilizoingia, tundu la tatu la soketi ni pambo. Siku hizi napima kabla sijapeleka meza.

Bati huzuia pia mawimbi ya kompyuta yanayosumbua redio, nami nimelitoa. Mteja mmoja redio ya chumba cha pili ilianza kukwaruza. Nikabandika utepe wa alumini ndani ya meza, nikauunga na ethi, kelele ikapungua. Tatizo ni kwamba siku hiyohiyo mama mwenye nyumba alikuwa ameihamisha redio, kwa hiyo hadi leo sijui nimlipishe nani ule utepe.

Yote haya nilimweleza mzee. Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akagonga mbao kwa kidole.

"Haya, moto tumeuacha. Na mende je? Humo ndani kuna giza, kuna joto."

Nimeweka wavu kila tundu. Wanaingia vilevile.