Mistari 12 kwa mtumbwi mmoja

"Kaka, data zimejirudia. Nimeweka DISTINCT lakini jumla bado inakataa." Wiki hii nimeambiwa hivyo mara tatu, mbili na mtu yuleyule, na wanaotumia SPARQL, lugha ya kuulizia data zilizounganishwa kama mtandao (grafu). DISTINCT ni amri yake ya kuondoa mistari inayojirudia. Data hazijajirudia, ndugu yangu. Swali lako ndilo limezizidisha.

Chukua mtumbwi mmoja wa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Una wavuvi watatu, na umeshusha dagaa mara nne: kilo 80, 80, 60 na 40. Ukiulizia wavuvi na mizigo ndani ya SELECT moja (amri inayorudisha jibu kama jedwali), SPARQL inakupa mistari 12, maana kila mvuvi anaoanishwa na kila mzigo. Jedwali ni bapa, halina pa kuweka matawi mawili ya mtumbwi mmoja. DISTINCT haipunguzi hata mstari mmoja, kwa sababu yote 12 inatofautiana. Jumlisha kilo hapo, unapata 780. Ukishtuka ukaandika SUM(DISTINCT ?kilo), unapata 180: zile 80 mbili zimehesabiwa moja, na mwenye mtumbwi umemdhulumu. Jibu ni 260. Mama muuza dagaa angekupa kwa vidole.

Kama shida yako ni jumla, jumlisha mizigo peke yake kwenye swali la ndani, ndipo uunganishe na wavuvi. Kama unataka umbo libaki, achana na SELECT, tumia CONSTRUCT. Hiyo inarudisha grafu, kila kiungo mara moja. Kisha ipitishe kwenye fremu ya JSON-LD, yaani kiolezo kinachoipanga grafu kwa ngazi: juu ukae mtumbwi, chini yake wavuvi na mizigo. Na hiyo GROUP_CONCAT mnayoipenda, inagandisha majina yote kuwa maandishi mamoja. Mkiyatenga kwa koma, likiingia jina lenye koma ndani yake, mtahesabu wavuvi wasiokuwepo.

Na haya mengine ninayoambiwa, pamoja na majibu yangu.

"Data zetu ni mti." Ni grafu, haina mzizi. Ni kama reli: ukipanda Kigoma, Tabora ni njiani, ukisimama Tabora, Kigoma ni tawi tu. Mti unauchagua wakati wa kutoa.

"CONSTRUCT imevuruga mpangilio wangu." Grafu ni seti, haina wa kwanza wala wa mwisho. Kila mzigo uwe na tarehe, upange mwishoni.

"Nodi tupu zinatosha." Hazitoshi! Nodi tupu ni kitu kisicho na jina la kudumu, kina lebo ya muda tu. Lebo b0 ya leo, kesho inaweza kuwa ya mzigo mwingine. Kila mzigo upewe URI yake, yaani anwani ya kipekee, hata ukiwa ndoo moja. Hapa sibishani na mtu.

"SPARQL imepitwa, siku hizi ni GraphQL." GraphQL, lugha nyingine ya kuulizia data ambayo Facebook waliiweka wazi 2015, kweli hurudisha jibu lenye umbo la swali, ila kina unakitaja mwenyewe ngazi kwa ngazi. Mzigo uliopita kwa wachuuzi ambao idadi yao huijui utakushinda. SPARQL 1.1, ya 2013, inaufuata kwa alama moja ya + (fuata kiungo hiki mara moja au zaidi), ingawa itakutajia waliofikiwa tu, bila kukuonyesha nani alimpa nani. Viungo vya katikati vidai kwa CONSTRUCT.