Ugali hauna kosa

Asubuhi matatu zikikwama kwenye Barabara ya Jogoo, Nairobi, abiria hushuka City Stadium na kumalizia safari kwa miguu, wakifuata Landhies hadi Muthurwa, kisha mjini. Waulize kama hayo ni mazoezi, watakucheka. Mazoezi ni jimu, na jimu ni pesa.

Kati ya dhana potofu zote kuhusu afya, hiyo ndiyo inayonikera zaidi. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani mwendo ambao unaweza kuongea na mwenzako lakini kuimba kunakushinda. Nusu saa ya miguu kwenda kazini, siku tano, na hesabu imetimia. Wala si lazima iwe kwa mkupuo mmoja: mwongozo wa 2020 uliondoa sharti la zamani la angalau dakika 10 mfululizo. Kwa hiyo hata ngazi za ghorofa ya nne zinahesabika, na kwetu mtaa wa Umoja lifti ni hadithi. Misuli nayo inataka kazi mara mbili kwa wiki. Pushapu za sebuleni hazilipishwi.

Halafu kuna ugali, mshtakiwa wa kila siku. Eti unanenepesha. Gramu moja ya wanga ina kalori 4, gramu moja ya mafuta ina 9, na kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kama kalori 120. Sasa tazama sufuria zetu: mafuta yanamiminwa kwa kukadiria, kitunguu kinaelea, kisha lawama anabebeshwa ugali. Jirani yangu aliuacha kabisa, akahamia chipsi za jioni. Kama ni kesi ya unga, basi tuzungumzie ukoboaji: unga uliosagwa mzima una pumba na kiini cha mahindi, ule mweupe umepoteza sehemu kubwa ya nyuzinyuzi. Na kipande kiwe kipande, si mlima wenye majani matatu ya sukuma pembeni.

Wengine husema kula vizuri ni mambo ya matajiri wa Kileleshwa. Nenda kwa mama mboga yeyote uone: ndengu, maharagwe, managu, terere. Omena huliwa na mifupa yake, ndiyo maana ina kalsiamu nyingi. Pale kibandani kwetu, mama hukunja majani ya sukuma kama sigara nene, kisu kinapita tap-tap-tap, ya ishirini inaingia kwenye karatasi. Kazi safi, ila mboga ikishakatwa nyembamba hivyo ukaiosha nyumbani, sehemu ya vitamini C inaondoka na maji. Siku hizi namwambia, "Mama, nipe nzima, nitakata mwenyewe." Alidhani namkwepa.

Maji ya limau hayayeyushi kitambi. Kujifunga nailoni tumboni pia hakuyeyushi. Unachopoteza kwa jasho ni maji, na ukinywa glasi mbili uzito umerudi.

Dhana ya mwisho ni kwamba mwembamba ni mzima. Binamu yangu ni ufito, suruali zote hushikiliwa na mshipi. Alipitia hema moja la kupima presha bure akisindikiza mtu, mashine ikasema 160 kwa 100. Ikarudiwa, hivyo hivyo. Akaambiwa aende kliniki, na huko ikathibitika ni presha. Hakuwa na kichwa kuuma wala kizunguzungu, kwa sababu presha mara nyingi haitoi dalili. Chumvi haipaswi kuzidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyojificha kwenye mkate, smoki na viungo vya pakiti. Yeye alikuwa anainyunyizia githeri kabla hata ya kuinusa. Sasa anameza dawa kila asubuhi, na mezani bado anauliza chumvi iko wapi, ila anaonja kwanza.